Fundo la Baba Minza

Bandeji ilifunguka kwa mara ya tatu, na Minza akamchapa Vitus kofi la sikio lililosikika mpaka koridoni.

"Shika miguu!" Sista Benedicta alisema. "Miguu kwanza, mikono niachie mimi."

Vitus alikuwa mhudumu wa wodi ya vijana, mwenyeji wa Idodi, mtu wa mabega mapana na moyo usio mbaya. Benedicta alikuwa muuguzi pekee wa zamu ile. Wagonjwa walikuwa ishirini na watatu, wote chini ya miaka kumi na minane. Na mlangoni, kofia mkononi, alisimama Mihayo, baba wa mtoto, mfugaji na mkulima wa mpunga kutoka Usangu, ambaye tangu alfajiri alikuwa safarini na binti yake kuja kwenye kituo hiki cha wagonjwa wa akili, mlimani, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mbeya ilikuwa karibu zaidi. Lakini Mbeya, mtaa wa Soweto, aliishi kaka yake Nashoni, na Nashoni akilijua jambo asubuhi, jioni ukoo mzima unalijadili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mihayo alidhani walikuwa wanawasema watu wengine.

Minza alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Alikuwa hajalala siku sita. Juzi yake aliingia kwenye mfereji wa mpunga na sare zake za shule, akisema maji yanamwita kwa sauti ya marehemu bibi yake, na wanaume wanne ndio waliomtoa. Sasa alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha chuma, anarusha mateke na kumporomoshea Vitus matusi ya Kisukuma. Kila akivuta mkono, bandeji ilikaza, ikachubua ngozi, kisha ikateleza na kumwachia.

Mihayo aliitazama ile bandeji, na hapo ndipo alipokosea. Hakumwona mtoto. Aliona fundo baya.

"Sista," alisema, "samahani. Hivyo mnamuumiza."

"Baba, nakuomba usubiri nje."

"Fundo hilo linabana. Akivuta linabana, akilegeza linatoka. Nipe mimi nikuoneshe."

Benedicta alikuwa amechoka mno asiweze kukataa. Mihayo aliiweka kofia yake juu ya kabati la dawa, akaichukua bandeji, akaizungusha kwenye mkono wa binti yake, akapitisha ncha chini, akaigeuza, akairudisha juu. Yalikuwa ni mambo ya kufumba na kufumbua. Minza alipoiona mikono ya baba yake, aliacha kurusha mateke. Akatulia tuli, akawa anavifuata vile vidole kwa macho. Halafu akatoa mkono wa pili mwenyewe.

Benedicta alipitisha kidole kati ya bandeji na ngozi. Kilipita.

"Halibani," alisema kwa mshangao.

"Wala haliachii. Dume la ng'ombe la miaka mitatu linalala nalo mpaka asubuhi, huoni alama."

"Duh!" Vitus alisema, akijishika sikio lake. "Mzee, hebu rudia. Polepole, nione."

Mihayo akarudia, polepole, ili Vitus aone.

"Wewe mzee ungekuwa mwalimu wetu hapa," Vitus akasema, na Mihayo akacheka.

Ndiyo, alicheka. Tusimpake matope wala tusimsafishe. Tangu asubuhi alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Konda wa basi aliwahamishia kiti cha nyuma kabisa kwa sababu Minza alikuwa anapiga kelele. Karani wa mapokezi alimuuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kutosha wote, "Mmeshampeleka kwa waganga wangapi kabla ya kukumbuka hospitali?" Sasa, kwa mara ya kwanza, katika jengo lile lenye harufu ya dawa ya sakafu, kulikuwa na kitu anachokijua yeye na wenzake hawakijui. Alijisikia vizuri. Hilo ndilo lililokuja kumtesa kuliko yote, kwamba alijisikia vizuri.

"Baba," Minza alisema, kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya nyumbani. "Asubuhi utakuja?"

"Asubuhi nitakuja," Mihayo alisema.

Akachukua kofia yake, akateremka mlima, akapanda basi la saa tisa kurudi Usangu.

*

"Umemwachaje?" Nyamizi alimuuliza mumewe kabla hajakaa.

"Vizuri. Ametulia."

"Wamemfunga? Watu wanasema huko wanafunga wagonjwa."

Mihayo alivua viatu, kimoja kimoja. "Kidogo tu. Wana taratibu zao wale."

Nyamizi hakuuliza tena. Alikuwa mwanamke wa kuamini neno akishaambiwa, na hiyo ilifanya uongo uwe mzito zaidi kuubeba.

Katika boma lile kulikuwa na sheria moja ambayo hata mgeni aliambiwa kabla ya kupewa maziwa: aliyefunga ndama ndiye anayemfungua. Sababu yake ilikuwa ya kawaida tu. Ndama akifunguliwa na mtu asiyejua kwa nini alifungwa, atamnyonya mama yake kabla hajakamuliwa, au mgonjwa atachanganyika na wazima, halafu kila mtu atamsingizia mwenzake. Aliyefunga anajua sababu, basi afungue yeye. Mihayo aliishika sheria ile kama wengine wanavyoshika Jumapili. Aliwahi kumchapa Minza, mtoto wa miaka tisa, kwa kumfungua ndama aliyefungwa na mama yake. Na Minza hakuwa mtoto wa kushindwa na fundo. Alijifunza kulifunga akiwa na miaka saba, na mwaka uliofuata alikuwa analifungua kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kibuyu.

Asubuhi ilifika, na Mihayo hakwenda Iringa. Mpunga ulikuwa umeiva na ndege walikuwa wameshashuka shambani kwa maelfu. Ndege wale walikuwa kweli, na mpunga ulikuwa kweli. Hakuna jirani ambaye angemlaumu. Lakini jioni, akiwa amekaa kwenye tuta na kopo la kufukuzia ndege mkononi, alijua kwamba kuna kweli nyingine. Hakutaka kukiona tena kile kitanda. Aliogopa kumkuta binti yake bado yuko vile alivyomwacha, na aliogopa kuulizwa na mtu yeyote, nani alimfunga.

Siku ya pili Sista Benedicta alipiga simu. "Baba Minza, mtoto anauliza kama umefika."

"Mwambie kesho."

Siku ya tatu simu iliita akaiacha iite. Siku ya nne aliizima kabisa, akamwambia mkewe chaji imeisha.

Siku ya nane jioni Nyamizi aliikuta simu juu ya gunia, akaiwasha, na haikuchukua muda ikaita. Aliipokea mwenyewe.

"Mama, mje," Benedicta alisema. "Minza amemng'ata mhudumu. Tumemfungia chumba cha peke yake, chumba namba tano, leo siku ya tano. Hatumii mikono yake, hata kula analishwa. Daktari atamwona kesho saa saba mchana. Asipobadilika atamwongezea wiki mbili za kukaa humo ndani."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

Nyamizi alikata simu, akaingia ndani, akaanza kutia michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwenye kikapu. Mihayo alisimama mlangoni akimtazama. Alitaka kumwambia usiku ule. Akaenda kulala bila kumwambia.

*

Walifika kituoni saa sita mchana. Benedicta aliwapokea mlangoni mwa wodi, macho yamemvimba kwa kukesha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene," Nyamizi aliitikia, maana salamu ya wenyeji ukiikuta unaiitikia.

Wodi ilikuwa na vitanda vya chuma pande mbili. Kwenye kitanda cha tatu kutoka mlangoni alilala msichana mwembamba wa miaka kama kumi na mitano, jina lake Frida, mtoto wa seremala wa pale pale mjini Iringa. Alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ndogo, ubeti mmoja, akiufikisha mwisho anauanza upya. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwenye vyuma vya kitanda.

Nyamizi alipita, akasimama, akarudi. Aliweka kikapu chini, akainama, akautazama mkono wa yule mtoto wa watu kwa karibu sana.

"Fundo hili ni la kwetu," alisema.

Mihayo alitazama dirishani.

"Ndiyo, mama!" Vitus alidakia kutoka upande wa pili, ndoo mkononi, amefurahi kuwaona. "Si mzee mwenyewe alitufundisha? Hapa tunaliita Fundo la Mzee. Zamani bandeji zilikuwa zinawachubua hawa watoto, wakaguzi wakija wanatuandika vibaya. Tangu siku ile, kidonda hata kimoja hatuna. Mzee, shikamoo! Umetuokoa kweli."

"Marahaba," Mihayo alisema, na lile neno lilikuwa chungu mdomoni mwake.

Nyamizi hakumgeukia mumewe. Aliendelea kuutazama mkono wa Frida.

"Uliniambia wao ndio wamemfunga."

"Walikuwa wanamuumiza, Mama Minza."

"Kwa mkono wako?"

"Ngozi ilikuwa inachubuka. Ningefanya nini?"

"Nimekuuliza, kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu," Mihayo alisema.

Vitus aliangalia huyu, akaangalia yule, akaishika ndoo yake vizuri na kuondoka. Kama angezaliwa bubu, siku ile ingekuwa heri kwa wote.

Benedicta aliwaketisha kwenye benchi la koridoni. Alikuwa na daftari kubwa mapajani, la kuandika nani amefungwa, saa ngapi, na amefunguliwa saa ngapi. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Usimlaumu mzee peke yake," alisema. "Kanuni yetu ni saa mbili. Saa mbili zikiisha tunafungua, tunamwangalia mtoto. Zamani hata ukitaka kusahau huwezi. Mkono unachubuka, mtoto analia, unakimbia unamfungulia. Hili fundo lenu halilizi mtu. Nilikuwa peke yangu, mama, watoto ishirini na watatu. Kila nikipita nauangalia mkono wa Minza, naona hauna shida, naandika nimemfungua saa mbili zilipoisha, napita. Nikirudi naandika tena saa mbili."

"Alikaa hivyo saa ngapi?"

Benedicta alitazama daftari, ingawa jibu halikuwa mle. "Siku tatu."

Mihayo alikuwa anahesabu moyoni: siku ya kwanza basi, siku ya pili ndege, siku ya tatu simu inaita.

"Alikuwa hasumbui hata kidogo," Benedicta aliendelea. "Anauliza tu, baba amefika? Siku ya nne daktari alikuwa anapita wodini, Vitus akataka kumtoa haraka asikutwe amefungwa, akakata bandeji kwa mkasi. Lakini vile vitanzi vya mikononi vilibaki. Tukitaka kuvitoa anapiga kelele. Vitus alipovuta kwa nguvu, ndipo akang'atwa. Ndipo daktari akaagiza namba tano."

*

Daktari Edmund alifika saa saba na nusu. Alikuwa kijana mwenye koti lililofuliwa mpaka likafifia, na alizungumza kwa upole na haraka, kama mtu anayesubiriwa mahali pengine. Vitus alifungua kufuli la namba tano.

Ndani kulikuwa na godoro chini, kikombe cha plastiki, na dirisha la juu ambalo mtu hawezi kuchungulia. Minza alikuwa amekaa kwenye godoro, mgongo ukutani, mikono mapajani, viganja juu. Kwenye kila mkono kulikuwa na kitanzi cha bandeji kilichogeuka rangi ya udongo, na fundo lake bado limekaa sawasawa.

"Minza, ng'wanone, mwanangu," Nyamizi alisema, akapiga magoti mbele yake.

Minza alimtazama mama yake, na macho yake yalikuwa macho yake, hayakuwa yale ya mferejini. Dawa zilikuwa zimefanya kazi, haki isemwe. Nyamizi alitoa mchembe kwenye kikapu, akampa. Minza hakunyoosha mkono. Alifungua mdomo.

"Mnaona?" Daktari Edmund alisema. "Mishipa mizima, mifupa mizima, hana kidonda. Usingizi umerudi, sauti alizokuwa anazisikia zimepungua. Lakini mikono hainyanyui, na akiguswa hapo anakuwa mkali. Siwezi kumrudisha kwenye wodi anang'ata watu. Nafikiri wiki mbili zaidi humu, na sindano."

"Mwanangu," Nyamizi alisema, "mbona huli kwa mkono?"

"Sijafunguliwa."

"Si walikata?"

"Walikata," Minza alisema. "Hawakufungua."

Daktari aliandika kitu kwenye faili lake. Nyamizi hakuhitaji faili. Aligeuka pale pale magotini, akamtazama mumewe aliyekuwa amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, kama siku ile.

"Kamfungue," alisema.

Mihayo aliingia. Alipiga magoti, akaushika mkono wa kulia wa binti yake, na Minza akamwachia. Vitus alirudi nyuma hatua moja, akikificha kiganja chake chenye plasta. Lakini Minza hakufanya lolote. Alikuwa anavifuata vidole vya baba yake kwa macho.

Fundo lile Mihayo alikuwa amelisifia maisha yake yote kwamba halimkatalii mwenyewe, ukivuta ncha moja tu limekwisha. Siku ile lilikataa. Jasho, uji na siku nane vilikuwa vimelikausha likawa gumu. Aliliminya, akalikuna kwa ukucha, akalilegeza kidogo kidogo. Daktari aliangalia saa yake, halafu akaacha kuiangalia. Kitanzi cha kwanza kilifunguka. Cha pili kilichukua muda mrefu kuliko cha kwanza.

Minza alinyanyua mikono yote miwili, akaisugua. Ilikuwa laini. Hakukuwa na alama hata moja, na Mihayo alitamani ingekuwapo.

"Nilikuwa naweza kulifungua, baba," Minza alisema. "Usiku ule ule. Kwa mkono mmoja."

"Najua."

"Ulisema asubuhi."

"Nilisema, mwanangu."

"Nikasema, nikilifungua mwenyewe, baba akija atakuta nimevunja sheria. Atasema, kumbe kweli mtoto amekuwa kichaa. Nikangoja uone kwamba mimi bado mzima."

Mihayo alilia. Alilia mbele ya mkewe, mbele ya daktari na mbele ya Vitus, kilio kibaya cha mtu asiyekizoea, paji la uso limegusa godoro. Alitaka kuomba msamaha na hakujua aanzie wapi, kwenye fundo, kwenye kicheko, au kwenye zile asubuhi zote. "Nimekukosea," alisema. "Nimekukosea, nimekukosea." Minza hakumwambia kwamba amemsamehe. Alichukua mchembe kwenye kikapu kwa mkono wake, akaula.

Daktari Edmund alichora mstari juu ya kile alichokuwa amekiandika.

"Arudi wodini," alisema. "Mama abaki naye wiki hii. Dawa ziendelee." Akamgeukia Benedicta, akataka kusema jambo jingine, akalitazama lile daftari kubwa, na yeye mwenyewe akainamisha macho. Sahihi yake ilikuwa chini ya kila ukurasa.

*

Walitoka namba tano polepole, Minza katikati, miguu imekuwa mizito kwa kukaa. Walipofika kitanda cha tatu, alisimama. Frida alikuwa bado anaimba ubeti wake.

"Huyu nani kamfunga?" Minza aliuliza.

Vitus alifungua mdomo. Mihayo akamtangulia.

"Mimi."

Minza alimtazama baba yake, kisha mikono ya Frida. "Basi mfungue."

Benedicta aliangalia saa ya ukutani. Daftari lilisema amefungwa saa mbili tu. Frida alifungwa wakati wa chai ya asubuhi.

"Mzee," Vitus alinong'ona, "huyu akianza anajigonga kichwa kwenye chuma. Jana kidogo ajiue. Na usiku tuko wawili tu. Ukimfungua, sisi tufanyeje?"

Lilikuwa swali la haki, tena Vitus aliliuliza bila ubaya. Mihayo alipiga magoti kwa mara ya pili siku ile. Fundo hili lilikuwa bichi; alivuta ncha moja tu likaisha. Frida alipoona mkono uko huru, alikishika kidole kimoja cha Mihayo, akaking'ang'ania, akaendelea kuimba.

"Basi linaondoka saa tisa," Nyamizi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu namba tano.

"Liende."

"Na mpunga?"

Mihayo aliketi sakafuni, kando ya kitanda, kidole chake bado kimeshikwa na mtoto wa seremala asiyemjua. "Ndege nao wana watoto," alisema.

Vitus aliinama, akaiokota bandeji iliyoanguka. Aliinyoosha pajani, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni kwa ajili ya usiku. Mihayo alimwona. Alitafuta neno la kumwambia na hakulipata, maana alichokuwa nacho alishampa siku ile ya kwanza, tena kwa kurudia, polepole, ili aone.